Boksi la Atari la Ami: shajara ya kunakili flopi zenye kufuli

4 Januari

Boksi limefika kwangu. Ami alikuwa ameshalitoa darini na kulipangusa vumbi kabla sijabisha hodi. Ndani mna flopi 23 za inchi tatu na nusu, zote za kompyuta ya Atari ST aliyoinunua hapahapa Leicester, Uingereza, mwaka 1988. Mashine yenyewe haipo tena. Siku moja ilitoa harufu ya kuungua, mkewe akasema kimoja kitoke nyumbani humu, ama hicho ama yeye.

(Kwetu Tanzania enzi hizo kompyuta ilikuwa kitu cha kusimuliwa tu, serikali ilikuwa imepiga marufuku kuziingiza nchini tangu 1974. Ami anasema mara ya kwanza kukalishwa mbele ya kompyuta aliomba ruhusa kabla ya kugusa kibodi.)

"Sasa ami, humu unataka nini hasa?"

"Dungeon Master, ule mchezo. Na hii." Akachomoa flopi isiyo na lebo ya dukani, imeandikwa kwa peni: SAFARI. "Hii usinipotezee, mwanangu."

Nikadhani ni barua za kazi.

Usiku nimezipanga mezani. Sita ni za asili, zilizotoka dukani. 13 ni nakala za mtaani, za kubadilishana na wenzake kiwandani. Nne ni zake mwenyewe. Ninachotaka ni kila flopi ipate faili linalofanana nayo hadi kwenye kufuli lake la kuzuia kunakiliwa, halafu nione kama faili hilo linaweza kurudishwa kwenye flopi tupu na Atari halisi ikaikubali.

5 Januari

Nilianza kivivu, nikalipa. Nina draivu ya flopi ya USB, nikasema nijaribu bahati. Flopi za Ami mwenyewe, tatu zimesomeka vizuri; SAFARI ikakwaruza na kukwama katikati. Nilipotia Dungeon Master, laptop ikaniuliza kwa upole kama ningependa kuifomati. Niliichomoa kama mtu aliyeshika waya wa umeme.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, ambayo ingetangulia zote: kila flopi kitundu chake cha pembeni kiwe wazi. Kwenye inchi tatu na nusu, kitundu kikiwa wazi flopi haiandikiki. Zile kubwa za inchi tano na robo ni kinyume chake, mkato wa pembeni ukizibwa ndipo haiandikiki, na aliyezoea hizi akienda kwenye zile atajifutia mali.

Kosa la draivu ya USB si ubovu. Inajua sekta tu, yaani vipande vya data vyenye namba, basi. Flopi ya kawaida ya ST ina treki, yaani duara za data, 80 kila upande, sekta 9 kwa treki, baiti 512 kwa sekta. Upande mmoja unabeba KB 360, pande zote mbili 720. Draivu ya USB huomba sekta kwa namba, ikipewa inashukuru na kuendelea. Waliotengeneza kufuli walijua hivyo, wakaficha ufunguo mahali ambapo mwombaji wa sekta hawezi kuuliza.

12 Januari

Kadi ya Greaseweazle imefika. Imebuniwa na Keir Fraser, naye kaachia michoro yake bure, ndiyo maana bei yake inashikika. Upande mmoja unaenda kwenye USB, upande wa pili kwenye draivu ya flopi ya kompyuta ya zamani.

Uzuri wake ni kwamba haijui sekta wala haitaki kujua. Flopi ni sumaku, na kila mara upande wa sumaku unapogeuka chini ya kichwa cha kusomea, kadi inaandika ni muda gani umepita tangu mgeuko uliotangulia, kwa saa inayopiga mara milioni 72 kwa sekunde. Faili la flopi moja linafika makumi ya megabaiti, ilhali flopi yenyewe haibebi hata moja. Nafasi si tatizo siku hizi. Kusoma sekta ni kumwuliza mtu alisema nini. Hii ni kumrekodi akisema, na kikohozi chake humohumo.

Draivu imenipa taabu. Niliinunua ya mtumba, muuzaji kaandika "imejaribiwa". Nikaipima mzunguko: inatakiwa iende mara 300 kwa dakika, sawasawa. Ya kwangu ikaenda 300, 296, 303, 298, kama daladala lenye klachi inayoteleza. Kabla ya hapo saa nzima ilikwisha taa ya draivu ikiwaka tu bila kuzima, nami naihisi imekufa, kumbe mkanda nimeuchomeka kichwa chini. Nimeandika kulalamika. Kwa sasa natumia nyingine niliyoitoa kwenye kompyuta iliyotupwa ofisini, na hiyo haiyumbi.

14 Januari

Ukungu.

Nilisukuma bati la SAFARI kwa ukucha, nikaizungusha taratibu kwa kitovu chake cha chuma chini ya taa. Robo ya kwanza ni nyeusi inayong'aa. Robo ya pili pia. Halafu yakaingia madoa meupe, duara duara, kama maua ya ukungu kwenye mkate, yamepangana kwa mstari kuelekea katikati. Na nilishaitia kwenye draivu ya USB tarehe 5. Ndiyo ile sauti ya kukwaruza.

Flopi yenye ukungu isitiwe kwenye draivu kabla ya kusafishwa. Ukungu hunata kwenye kichwa, kichwa kinageuka msasa, na flopi inayofuata ndiyo inayochunwa. Draivu ya USB nimeiweka kando hadi niisafishe kichwa.

Nimesafisha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na pamba za masikioni, upande mmoja kwa mmoja, nikizungusha, bila kukandamiza. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia, acha: hiyo si taka tena, ni data. Zangu zilitoka kijivu. Nimeiacha ikauke hadi kesho na sijaigusa tena. Nimekagua 22 zilizobaki. Tano zina ukungu, hakuna ya asili hata moja. Ami aliziweka za asili kwenye maboksi yake, na zake mwenyewe zikakaa wazi.

16 Januari

Dungeon Master. Nimeisoma mizunguko mitano kwa kila treki. Nimekaa nayo tangu saa mbili usiku hadi saa saba, na sijuti.

Mchezo huu ulitolewa na FTL Games ya Marekani mwishoni mwa 1987, kwanza kwenye Atari ST. Nilikuwa nimesikia sifa za kufuli lake. Liko kwenye treki 0, na ni makufuli mawili yaliyofungwa mlango mmoja.

La kwanza ni sekta yenye namba 247. Kwa nini 247? Chipu inayoendesha draivu ya ST ni WD1772, na unapoiamuru ifomati treki, baiti F7, ambayo kwa namba za kawaida ni 247, haiichukulii kuwa namba. Kwake hiyo ni amri: hapa weka hesabu ya ukaguzi. Basi Atari inaweza kuisoma sekta 247 bila shida yoyote lakini haiwezi kuiumba. Mwenye mashine anapewa kitu ambacho mashine yake ina jicho la kukiona na haina mkono wa kukitengeneza. Aliyelifikiria hili, nampa heko.

La pili ndilo lililonikesha. Kwenye flopi hizi, umbali kati ya mgeuko mmoja wa sumaku na mwingine ni mikrosekunde 4, 6 au 8. Chipu inasikiliza na kuamua: hii ni 4, hii ni 6. Kwenye sekta ya 7 mashine ya kiwandani iliitelezesha migeuko kidogo kidogo hadi ikakaa karibu na 5. Yaani mtu amesimama juu ya kizingiti. Ukiniuliza yumo ndani au yuko nje, nitakujibu kitu, ukiniuliza tena nitakujibu kingine, na mara zote mbili sijadanganya. Nimeamua kuziita biti vigeugeu.

Nikafungua mizunguko yangu mitano nikaiweka sambamba. Sekta zote nyingine zinafanana herufi kwa herufi. Sekta ya 7, mzunguko wa kwanza: 68 68 E8 68 E8. Wa pili: E8 68 68 68 E8. Wa tatu: 68 E8 68 68 68. Biti moja tu ya juu inayumba, nyingine saba zimetulia tuli. Nilicheka peke yangu chumbani.

Mchezo unaisoma sekta hiyo mara kadhaa. Majibu yakitofautiana, flopi ni ya asili. Yakifanana, umeshikwa, kwa sababu programu ya kunakili ilisoma mara moja, ikaandika jibu moja, na jibu hilo halibadiliki tena. Nakala inaumbuliwa na unadhifu wake. Tena ukaguzi hauko mlangoni tu, umetawanywa ndani ya mchezo, kwa hiyo ukimhonga bawabu bado kuna wengine vyumbani.

17 Januari

Nimejaribu makusudi njia ya wajinga ili nione: nimeligeuza rekodi kuwa faili la kawaida la sekta, la .ST. Programu ikalalamika kuhusu treki 0, nikaiambia endelea. Ndani ya Hatari, programu inayoigiza Atari ST kwenye laptop, mchezo umegoma. Vizuri. Ungekubali ningeshuku kwamba flopi ya Ami si ya asili.

Njia sahihi ni Aufit, inayopokea rekodi ya migeuko na kutoa faili la STX. Aina hii inabeba muda wa kila sekta na alama ya biti zipi zinayumba, ili mwigizaji ajue aziyumbishe. Hatari ikalisoma, lango la jiwe likatokea kwenye skrini. Nimempigia Ami simu nikamsikilizisha. Hakuuliza lolote kuhusu kufuli. Aliuliza, "Na ile nyingine?"

19 Januari

Za asili tano zilizobaki zimekwisha, kwa siku moja. Mbili hazina kufuli kabisa. Mbili zina sekta zilizozidi kwenye treki za mwisho, na hilo rekodi inalimeza bila kutafuna. Moja, ya mpira, ina kufuli liitwalo Copylock, la Rob Northen: sekta moja imeandikwa kwa biti zilizonyooshwa kidogo, kama asilimia 5, na mchezo unapima saa. Ikisomeka haraka kuliko inavyopaswa, ni nakala. Wazo zuri, ila baada ya vigeugeu halikunipa homa.

20 Januari

Neno kuhusu zile 13 za mtaani, kwa sababu rafiki kaniuliza kwa nini nahangaika na makufuli wakati kila mchezo humu una nakala iliyokwisha kuvunjwa.

Nimezifungua. Nyingi zinaanza na salamu za wavunjaji wenyewe: maandishi yanayopita chini ya skrini kama treni, muziki, majina ya vikundi, matusi kwa vikundi vingine. Nimezihifadhi hizo pia, ni historia kamili na mara nyingine inachekesha kuliko mchezo. Lakini mvunjaji hufuta mistari ya programu, na akifuta asipoelewa, kitu kingine kinakufa kimyakimya. Moja ya hizi inaganda kila mara mahali palepale. Ami alidhani ndivyo mchezo ulivyo. Alicheza nusu mchezo miaka yote hiyo akiamini amefika mwisho.

Ndiyo maana nataka kwanza flopi na kufuli lake, jinsi ilivyotoka kiwandani. Anayetaka kuvunja atavunja nakala baadaye.

Na sheria, kwa wanaouliza: hapa Uingereza kifungu cha 50A cha sheria ya hakimiliki ya 1988 kinamruhusu mtumiaji halali wa programu kujiwekea nakala ya akiba anayoihitaji. Flopi ni za Ami, nakala ni za Ami. Siziweki mtandaoni, msiniombe.

28 Januari

Kurudisha kwenye flopi. Hapa ndipo kadi inapogeuka kutoka msikilizaji kuwa msemaji.

Usitumie flopi za HD, zile za KB 1440, ukaziba kwa karatasi ya gundi kile kitundu cha upande wa pili kinachoitambulisha HD. Najua kila mtu alifanya hivyo. Sumaku yake inataka nguvu tofauti, zinaandikika leo na kesho zinasahau. Nimepata pakiti ya flopi za DD, zile za KB 720, ambazo hazijawahi kutumika, bei yake naificha mke wangu asione.

Rafiki kaniazima Atari halisi, 520STFM. Nimeandika rekodi ya Dungeon Master, nikaitia, nikawasha. Imekubali. Nikazima, nikawasha: imekubali. Mara ya tatu imekubali. Mara ya nne imekataa. Sekta 247 haina tatizo. Vigeugeu ndio wasumbufu: kuwasimamisha juu ya kizingiti kwa mkono wa draivu ya kawaida, ambayo kichwa chake chenyewe kinasogeza migeuko kidogo inapoandika, ni kama kutia uzi kwenye sindano ukiwa ndani ya basi. Baadhi wameangukia ndani, wakatulia. Nimeandika flopi ya pili kutoka mzunguko mwingine wa rekodi. Sita kwa sita. Ya kwanza nimeichora msalaba.

2 Februari

SAFARI. Nimeiahirisha kwa sababu naiogopa, niseme kweli.

Haina kufuli. Imefomatiwa kawaida kabisa, sekta 9. Wiki nne nimezimaliza kwenye michezo ambayo watu kadhaa duniani wameshaihifadhi kabla yangu, na hii, ambayo iko moja tu, nimeiweka mwisho kwa kuwa haikuwa na fumbo la kunifurahisha.

Mzunguko wa kwanza: sekta 11 mbovu, zote kwenye njia ya yale madoa. Nimeisafisha tena, zimebaki 4. Nimeongeza mizunguko hadi 20 kwa treki hizo, ikabaki 1, kwenye treki 41. Kila sekta ina baiti mbili za ukaguzi mwishoni. Hesabu ikilingana, unajua umepata kila kitu kama kilivyoandikwa. Hii haikulingana mara 20 kati ya 20.

3 Februari

Bado. Nimejaribu ikiwa baridi, nimejaribu ikiwa na joto la mkono. Nimejaribu dua.

5 Februari

Ile draivu mbovu ya mtumba. Mnunuzi hodari ningekuwa nimeshairudisha. Mimi bado ninayo kabatini.

Flopi hii iliandikwa na draivu ya Atari ya Ami, na hakuna anayejua kichwa chake kilikaa wapi, kulia kidogo au kushoto kidogo ya mahali pake. Draivu nzuri inasoma katikati ya njia inavyopaswa. Kama mwandishi alipita pembeni, msomaji mnyoofu anakosa nusu ya maneno. Nikafikiri, labda mlegevu atamsikia mlegevu mwenzake.

Treki 41, mizunguko 20. Kumi na minne haikulingana. Sita imelingana, na sita zote zinafanana baiti kwa baiti. Mwendo wake wa daladala haukudhuru, kwa kuwa programu inafuata kasi inavyopanda na kushuka. Nimeunganisha treki hiyo na zile 79, nikafungua faili. Si barua za kazi. Ni hifadhi ya mchezo wa Dungeon Master: mahali Ami alipoachia kucheza.

Muuzaji nimemwandikia kuwa malalamiko nimeyafuta.

9 Februari

Nyumbani kwa Ami, baada ya chakula. Laptop mezani, mdundo wa feni, Ami na miwani miwili, mmoja kichwani mmoja puani. Nimetia STX. Lango likaja. Nikamwachia kipanya. Alibofya RESUME bila kusoma, nikabadilisha flopi kwa faili la SAFARI, skrini ikawa nyeusi kwa muda ulionitosha kukumbuka dhambi zangu zote.

Wakatokea. Mchezo huu una wapiganaji 24 wa kuchagua, unachukua wanne, na ukiamua wazaliwe upya unawapa majina unayotaka. Juu ya skrini: ZUHURA, OMARI, na mengine mawili ambayo Ami alinieleza baadaye.

Zuhura ni bibi yangu. Omari ni babangu.

"Mama alikataa kupanda hata boti ya kwenda Dar," Ami akasema. "Humu nimemfikisha ghorofa ya tisa chini ya ardhi, kashika shoka." Ghorofa ziko 14.

Nilikuwa nikitaka kumweleza kuhusu treki 41. Yeye alikuwa ameshafungua ukurasa wa Bibi na kuinamia skrini. Mistari miwili ya chini, ya chakula na ya maji, ilikuwa mifupi mno na imegeuka nyekundu.

"Wana njaa hawa."

Akafungua mkoba wa Omari, akapekua, akatoa hindi moja, akalibeba polepole kwa kipanya hadi kwenye mdomo wa mama yake.